Shajara ya mradi: kutoboa akriliki ya kaushio la zabibu

Jumatatu: kazi yenyewe

Kikundi cha akina mama wa Mpunguzi, upande wa barabara ya Iringa, kimeniagiza kaushio la jua la zabibu na mlenda. Wanalitaka kabla ya mavuno ya Agosti na Septemba. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zikiiva zote kwa pamoja mnunuzi ndiye anayepanga bei, kwa sababu tunda haliwezi kumsubiri mtu. Ukiwa na mahali pa kukaushia, unaweza kumwambia mnunuzi aende akafikirie kwanza. Kwa hiyo kazi hii naichukulia kwa uzito wake.

Sanduku ni la mninga, lina trei za wavu, hewa inaingia chini na kutokea juu. Hapo sina la kuandika, ni useremala wa kila siku. Shajara hii ni ya kifuniko.

Kaushio lao la zamani lilifunikwa nailoni, na upepo wa kiangazi wa huku kila mtu anaujua: nailoni ilichanika ikabaki vitambaa. Kioo nimekikataa. Ni kizito zaidi ya mara mbili ya akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, kwa unene uleule, na kikivunjika juu ya trei ya chakula, chakula chote kinamwagwa. Polikaboneti, plastiki nyingine angavu, haipasuki ovyo, ila ile isiyo na kinga ya jua hugeuka njano ikikaa nje miaka. Akriliki huvumilia jua vizuri, hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga, na huanza kulainika kwenye joto la karibu digrii 100. Kaushio zuri hufanya kazi kati ya digrii 50 na 65, hivyo kuna nafasi ya kutosha.

Tumechagua shuka, yaani bamba la akriliki, ya unene wa milimita 5, ukubwa wa milimita 1200 kwa 800. Itafungwa kwenye fremu kwa bolti za milimita 6, matundu 14 kuzunguka ukingo. Kila ubavu wa sanduku utakuwa na kidirisha cha akriliki chenye tundu la milimita 60 la hewa, lenye kifuniko cha kuzungusha. Shuka ya akriliki si rahisi kwa bei, na tundu moja likipasuka shuka nzima imekwenda. Ndiyo maana hakuna kitakachotobolewa kabla ya majaribio kukamilika kwenye vipande vya taka.

Jumanne: vipande vya majaribio

Tangu Serikali ihamie Dodoma, mafundi wa vibao wamekuwa wengi, na kila ofisi inataka kibao cha akriliki mlangoni. Faida kwa watu kama mimi ni mabaki. Nimepita kwa fundi mmoja jirani, amenipa mfuko mzima wa vipande vya milimita 3, 5 na 8, vingine bado vina karatasi ya kinga.

Amenishauri matundu yote nimpelekee yeye ayakate kwa leza. Ushauri wake una maana, leza inakata safi sana. Lakini fremu yangu ni ya mbao na matundu lazima yafuate fremu jinsi ilivyokaa, si jinsi ilivyochorwa. Pia leza hukata kwa joto, na ukingo ulioyeyushwa ukapoa haraka hubaki na mkazo ndani yake, yaani nguvu ya kuvutana iliyofungiwa humo. Kwenye kibao cha mlangoni mkazo huo haudhuru. Kwenye kifuniko kinachopata joto na baridi kila siku, sitaki kuanza nao.

Jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalisemi: akriliki ziko za aina mbili. Kuna inayomiminwa kwenye ukungu wa vioo ikaganda taratibu, na kuna inayosukumwa kiwandani ikiwa laini hadi itoke shuka. Kwa macho zinafanana. Kwenye biti ya drili zinatofautiana kabisa: ya kumiminwa huvumilia joto zaidi na maranda yake hutoka makavu, ya kusukumwa hulainika mapema na kung'ang'ania biti. Nimekata kona ya shuka yetu na kuitoboa polepole. Maranda yametoka makavu, hayanati kidoleni. Ni ya kumiminwa, na nimefurahi sana kulijua hilo kabla ya kuanza.

Jumatano: biti kama ilivyotoka dukani

Nilitaka kijana wangu wa karakana aone kwa macho yake kwa nini sitaki aguse shuka kwa biti ya chuma ya kawaida. Tumechukua mpya, milimita 10, ya maduka ya karibu na soko la Majengo, na kipande cha taka cha milimita 5. Hatukuweka ubao chini.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Biti ikaingia, maranda mawili yakapanda kwenye mifereji yakijikunja, kijana akaniangalia kama anayeuliza tatizo liko wapi. Kisha ncha ikatokeza upande wa pili. Hapo biti ikajivuta yenyewe kwa nguvu, kipande kikapanda juu ya biti kama nati inavyopanda kwenye bolti, ukasikika mlio mkavu. Tulipoizima drili na kukitoa kipande, upande wa juu tundu lilikuwa zuri tu. Upande wa chini palimeguka kipande kipana, na ufa mmoja ulikwenda hadi ukingoni.

Sababu iko kwenye umbo la makali. Biti ya chuma imetengenezwa ili ijichimbie. Mfereji wake unapanda kwa kuzunguka, na pale unapokutana na makali unayafanya yaelekee mbele, yachokonoe na kuinua. Chuma ni kibishi, kinahitaji hivyo. Akriliki ni ngumu lakini haina uvumilivu: haivutiki, inavunjika. Ikibaki ngozi nyembamba chini ya tundu, makali hayaikati tena, yanaikamata na kuiinua. Ncha ya kawaida ya digrii 118 inaongeza tatizo, kwa kuwa ni butu. Inafika chini na karibu upana wake wote kwa mara moja.

Kwa hiyo biti ya akriliki inatakiwa ikwangue, isichokonoe. Zipo zinazouzwa maalumu kwa plastiki, zenye ncha kali ya digrii 60 hadi 90 na makali yasiyoelekea mbele. Hapa mjini sikuzipata kwenye maduka niliyopita, na hazihitajiki kwa anayejua kutumia kinoo.

Tumerudia kipande kingine kwa biti ileile, safari hii kimebanwa kwa klempu juu ya ubao laini. Hali ilikuwa afadhali zaidi kuliko nilivyotarajia. Ngozi ya chini inakosa pa kwenda, inakatwa badala ya kusukumwa. Lakini mvuto bado upo, unausikia mkononi.

Alhamisi: kinoo

Leo ndiyo siku ya kazi hasa, ingawa hakuna tundu hata moja lililoingia kwenye shuka.

Mafundi wa shaba nyeupe wanaujua ufundi huu tangu zamani, maana shaba nyeupe nayo huvuta biti. Unashika biti kwenye jiliwa, ncha juu. Unachukua kinoo kidogo chenye uso tambarare, unakiweka ndani ya mfereji, kimesimama sambamba na urefu wa biti, kikigusa ukingo wa makali tu. Unasugua mara chache. Unachotafuta ni kijiuso kidogo, upana wa nusu milimita hadi milimita moja, kinachong'aa kando ya makali yote kuanzia katikati hadi nje. Kijiuso hicho kimesimama wima. Makali yaliyokuwa yameinamia mbele sasa yamesimama, na biti haina tena kitu cha kuivuta.

Upande wa pili lazima ufanane. Kijiuso kimoja kikiwa kipana kuliko kingine, kali moja litafanya kazi yote na tundu litatoka kubwa, lenye mawimbi. Nimemwonyesha kijana namna ya kuelekeza biti dirishani na kuizungusha kidogo: vijiuso viwili vinamulika mwanga kwa zamu, na jicho linaona papo hapo kama vinalingana. Yeye ameona tofauti ambayo mimi nilikuwa nimeipita. Macho ya ujana.

Kisha ncha. Tumeichongoa kwenye grainda ya mezani kutoka 118 hadi karibu digrii 90, tukiichovya kwenye maji kila mara isiungue ikapoteza ugumu. Mgongo wa makali uinamishwe vya kutosha, digrii 12 hadi 15, ili nyuma ya makali pasisugue plastiki. Msuguano ndio joto, na joto ndilo adui wa pili baada ya mvuto.

Hili la joto linastahili maelezo. Akriliki haipitishi joto vizuri. Ukitoboa chuma, joto husambaa kwenye bamba lote. Ukitoboa akriliki, joto lote hubaki pale biti ilipo. Plastiki inalainika, maranda yanaungana, yanajaza mfereji, na tangu hapo biti haikati tena, inakoroga. Ukiitoa unakuta pete ya plastiki iliyoganda kwenye biti, na ukuta wa tundu ni mweupe na wenye mikunjo.

Kasi tumeipima kwa maranda. Drili yangu ya betri kwenye gia ya kwanza hufika mizunguko 400 hivi kwa dakika, ya pili 1500. Kwa biti ndogo, milimita 3 hadi 6, gia ya pili ni sawa. Kwa milimita 10 nashuka chini ya 1000. Lakini kasi peke yake haisemi chochote bila mkono. Ukisukuma kidogo mno, makali yanasugua tu na maranda yanatoka unga. Huo unga ni dalili ya joto linalokuja. Ukisukuma kwa nguvu, unavunja. Msukumo mzuri ni ule unaotoa maranda mazima bila kukatika, yanayotoka makavu na kuanguka yenyewe. Unatoboa kidogo, unainua biti maranda yatoke na hewa iingie, unarudi. Ukikaribia kutokea chini, unapunguza mkono kabisa.

Kijana ametoboa safu nzima ya matundu kwenye kipande cha milimita 8 kwa biti iliyosuguliwa. Hakuna lililomeguka. Ukiangalia ukuta wa tundu kwa mwanga ni wa ukungu kidogo, laini, bila nyeupe. Ameomba kipande hicho aende nacho nyumbani. Nimempa.

Ijumaa: biti ya ngazi

Fupi tu leo, nilikuwa na kazi ya milango ya mteja mwingine.

Nimejaribu biti ya ngazi, ile ya mafundi umeme wanayotobolea masanduku ya chuma. Yangu inaanzia milimita 4 hadi 20, kila ngazi inaongeza 2. Kwa akriliki ni chombo kizuri sana, na sababu ni ileile ya jana: mfereji wake umenyooka, haujapinda kama skrubu, kwa hiyo haijivuti. Pia inapanua tundu hatua kwa hatua, kila ngazi inakwangua milimita moja tu kila upande.

Ina sharti moja. Kimo cha ngazi kiwe sawa na unene wa shuka au zaidi, la sivyo ngazi inayofuata inaanza kupanua juu kabla ya chini kumalizika. Kwenye milimita 5 yangu inatosha kwa kubana. Na hilo limenipa zawadi: ukimaliza tundu la 10, ukiigusisha ngazi ya 12 kidogo tu kisha ukageuza shuka na kufanya vivyo hivyo upande wa pili, ukali wa ukingo unaondoka. Kwa akriliki huo si urembo. Ufa huanzia kwenye mkwaruzo, na ukingo mkali wa tundu una mikwaruzo mingi.

Uamuzi: biti iliyosuguliwa kwa kinoo kwa matundu ya mwanzo, biti ya ngazi kwa kupanua.

Jumamosi: jaribio la spiriti

Mama mwenyekiti wa kikundi amekuja mjini na kupita karakana kuona kazi ilipofikia. Amekuta vipande vimejaa mezani.

"Fundi, mbona unatoboa takataka? Kifuniko changu kiko wapi?"

"Kifuniko kiko kwenye karatasi yake, mama. Hizi ndizo zinazokilinda."

Nikamwonyesha vipande viwili. Kimoja kimetobolewa vizuri, taratibu, kwa maji ya sabuni. Cha pili tulikitoboa kwa makusudi kwa biti butu na kasi kubwa hadi kikanuka. Kwa mbali matundu yote mawili yanapitisha bolti. Nikayapaka spiriti yote kwa pamba, tukasubiri tukizungumza habari za mashamba.

Haikuchukua muda. Kuzunguka tundu lililoungua, zilianza kujitokeza nyufa nyembamba mno, fupi, zinazomeremeta ukigeuza kipande kwenye mwanga, zote zimeelekea nje kutoka kwenye tundu. Zikaongezeka tukiziangalia. Tundu la pili limebaki safi.

Mama akakishika kipande, akapitisha ukucha juu ya nyufa. "Kumbe ugonjwa ulikuwa ndani tayari."

Ndivyo ilivyo. Tundu lililoungua limepoa likiwa na mkazo ndani yake. Spiriti haikuleta mkazo huo, imeufungulia mlango. Thina, asetoni na petroli hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana ninapotoboa akriliki napoza kwa maji yenye sabuni kidogo, basi. Mafuta ya kukatia chuma yana viambato vingi nisivyohitaji kuvileta karibu na shuka.

Kwa shuka yenye mkazo iko dawa, kuipasha joto la karibu digrii 80 kwa saa kadhaa kisha kuiacha ipoe polepole sana. Sina tanuri la kuingia shuka ya mita 1.2. Kwa hiyo mkazo usiingizwe tangu mwanzo.

Jumatatu: hesabu ya matundu, kisha shuka yenyewe

Kabla ya kutoboa, hesabu. Akriliki hutanuka kwa joto karibu mara sita ya chuma: milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila digrii moja. Mbao kwa urefu wake haitanuki kiasi cha kuhesabika hapa. Kwa hiyo shuka inacheza na fremu imetulia, na bolti ziko katikati ya ugomvi huo.

Nafunga shuka mchana, tuseme digrii 28. Kaushio likifanya kazi, shuka inaweza kufika 60. Ni tofauti ya digrii 32. Urefu wa mita 1.2 unaongezeka karibu milimita 2.7. Asubuhi za Julai hapa Dodoma hushuka hadi karibu digrii 14, na shuka inasinyaa kupita pale ilipofungwa. Tundu la milimita 6 kwa bolti ya milimita 6 halina pa kuupeleka mwendo huo. Shuka itajisukuma dhidi ya bolti hadi ipasuke, na kila mtu atasema akriliki ilikuwa mbovu.

Mpango ni huu. Tundu la katikati, safu ya juu, litakuwa la milimita 6.5, hapo ndipo shuka inaposhikwa isiteleze. Mengine yote ya juu na ya pembeni ni milimita 10, yana nafasi ya milimita 2 kila upande. Safu ya chini iko mbali zaidi na tundu la kushikia: hadi kona ya chini ni kama sentimita 96, ambapo shuka husogea zaidi ya milimita 2. Hayo nayapanua hadi 12. Kila tundu, katikati yake iko milimita 20 kutoka ukingoni, ili hata lile la 12 libakiwe na nyama zaidi ya upana wake.

Shuka imebaki na karatasi ya kinga pande zote mbili. Alama tumeziweka juu ya karatasi kwa penseli. Hakuna msumari wala nyundo ya kuweka alama, pigo moja linatosha kuanzisha ufa. Biti ndogo ya milimita 3 iliyosuguliwa imeanza kila tundu kwa mzunguko wa polepole hadi ikashika nafasi yake.

Chini tumeweka plaiwudi mpya iliyonyooka, shuka imebanwa kwa klempu mbili karibu na tundu, kati ya klempu na shuka pana kipande cha mbao. Kijana anadondosha maji kwa chupa yenye kifuniko kilichotobolewa. Mimi niko kwenye drili. Milimita 3, kisha 6.5, kisha biti ya ngazi. Plaiwudi tunaisogeza kila tundu, kwa sababu mahali palipokwisha kutobolewa hapaegemezi tena kitu.

Tundu la nne nimempa yeye drili. Alipofika chini nikaona bega lake linashuka, akalegeza mkono mwenyewe bila kuambiwa. Maranda ya mwisho yakatoka mazima. Matundu yaliyobaki ameyamaliza yeye, mimi nikadondosha maji.

Mwishoni tumezungushia msasa namba 400 kwenye kijiti, tumeulowesha, tukapitisha ndani ya kila tundu. Yote 14 ni mazima.

Jumatano: tundu la milimita 60

Kwa vidirisha vya ubavuni tumetumia msumeno wa kikombe. Hapa joto ni kubwa kuliko kwenye biti yoyote, maana meno mengi yanasugua ndani ya mfereji mwembamba na unga hauna pa kutokea.

Suluhisho lake nimelipenda kwa urahisi wake. Kwanza unauzungusha msumeno kidogo tu, uchore duara. Kisha ndani ya duara, upande wa kipande kitakachotupwa, unatoboa tundu dogo la milimita 5 linalogusa mstari wa duara. Ukirudi na msumeno, kila meno yakipita juu ya tundu hilo unga unaangukia humo. Mfereji unabaki wazi na maji yanafika chini.

Mizunguko 300 hivi, gia ya kwanza, mkono mwepesi. Tumekata nusu ya unene, tukageuza kidirisha, tundu la katikati likaongoza msumeno, tukamalizia upande wa pili. Hakuna upande uliomeguka kwa sababu hakuna upande uliokuwa wa kutokea. Kidirisha kimoja kilikuwa na mikwaruzo ya meno ukutani. Msasa 180, kisha 400, imekwisha.

Ijumaa: kufunga, Mpunguzi

"Mbukwenyi!" tumepokewa hivyo na akina mama wakiwa wameshasafisha mahali pa kuweka kaushio, palipo wazi kabisa upande wa kaskazini. Mwezi huu jua liko kaskazini, hivyo kifuniko kinainamia huko. Miguu nimeiacha inaweza kugeuzwa, maana kufikia Septemba jua litakuwa karibu utosini.

Fremu imewekewa utepe wa sponji, juu yake shuka. Kila bolti ina washa pana ya milimita 30, na kati ya washa na shuka ni raba ya tyubu ya baiskeli iliyokatwa duara. Sikutumia plastiki laini ya PVC, kwa sababu vilainishi vyake hushambulia akriliki polepole. Nati ni zile zenye pete ya plastiki ndani: zinakazwa taratibu hadi raba iguse, zinarudishwa nyuma robo mzunguko, na hazilegei zenyewe. Kijana mmoja wa hapo, mtoto wa mmoja wa wanachama, alikuja na spana akitaka kuzikaza zaidi. Nikamshikisha ukingo wa shuka, akaisukuma, akaiona inateleza kidogo chini ya washa. Akairudisha spana mfukoni mwenyewe.

Saa saba mchana kipimajoto cha ndani kilisoma digrii 57, trei zikiwa tupu. Nilipima kona ya chini kwa rula: shuka ilikuwa imesogea chini karibu milimita 2 kutoka alama ya penseli niliyoweka wakati wa kufunga. Hesabu ya Jumatatu imekaa pale pale.

Mzigo wa kwanza utakuwa mlenda, zabibu zikisubiri mavuno. Matundu ya safu ya chini nitayakagua kwa lensi nitakaporudi kugeuza miguu. Mama mwenyekiti ameandika kwenye daftari la kikundi kwamba kifuniko kinaoshwa kwa maji ya sabuni na kitambaa laini, na kwamba spiriti na petroli visikaribie. Aliisoma kwa sauti mbele ya wenzake, akaongeza mwenyewe: "Na spana pia."